Tusiseme Hatukujua

Somo letu latoka Mithali 24:11-12. Hapo twaagizwa kuwaokoa wanaopelekwa kuuawa, tena twaonywa kwamba Mungu apimaye mioyo hapokei udhuru wa mtu asemaye hakujua.

Na tuwakumbuke Waarmenia, Wakristo wa tangu zamani waliokaa chini ya utawala wa Kituruki. Tarehe 24 Aprili 1915 viongozi wao wengi walikamatwa mjini Constantinople. Wanaume wakauawa, wanawake, wazee na watoto wakaswagwa kwa miguu mpaka jangwa la Siria. Wasioanguka kwa upanga walianguka kwa njaa na kiu. Kwa hesabu ya wanahistoria wengi, waliokufa ni kati ya 600,000 na 1,500,000.

Balozi wa Marekani huko, Henry Morgenthau, alikuwa Myahudi, si Mkristo. Aliwaendea wakuu wa Kituruki akawasihi, wasimsikilize. Ndipo Septemba 1915 akapeleka simu kwao akiomba msaada. Mjini New York watu wachache wakakutana, wakaazimia kukusanya dola 100,000. Kufikia mwaka 1930 zilikuwa zimepatikana zaidi ya dola milioni 100, na yatima wapatao 132,000 wametunzwa.

Nyingi za fedha hizo zilitoka kwa watu wa kawaida, hata watoto wa shule za Jumapili. Tangu mwaka 1923 ilitengwa Jumapili moja ya Desemba. Siku hiyo jamaa nyumbani walikula chakula duni kama cha yatima, na gharama waliyookoa wakaitoa sadaka. Hawakupata kuwaona watoto wale, lakini walionja chakula chao.

Hata hivyo, ndugu, sadaka ile ililisha waliosalia, haikuzuia upanga. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 haikupigana na Uturuki. Baadhi ya wakuu wa misheni na wa kamati ile ndio walioshauri hivyo, wakichelea kazi ya misheni na ya msaada isije ikaharibika. Bunge la Marekani halikuyatambua rasmi mauaji yale kwa jina lake kamili, mauaji ya kimbari, mpaka mwaka 2019, na Rais mwaka 2021. Kufikia hapo karibu yatima wote walikuwa wamekwisha kufa.

Tusiwahukumu kwa wepesi. Mwaka 1994 upanga ulishuka Rwanda, karibu na mlango wetu, nasi tulizisikia habari redioni siku baada ya siku. Tuliomba, tukatoa nguo kuukuu. Ni wangapi wetu tuliopaza sauti? Kumpa mkate aliyejeruhiwa ni vyema. Lakini tukinyamaza juu ya mkono unaomjeruhi, deni letu halijakwisha.

Tuombe. Ee Bwana, tusamehe kimya chetu. Tupe mikono ya kutoa na kinywa cha kuwasemea walio mbali. Amina.