Saratani ya umio (Soweto East, Kibera)

Saratani ya umio ni uvimbe unaoota katika mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mitaani huitwa kansa ya koo, ingawa aghalabu hukaa chini zaidi, nyuma ya kifua. Kenya imo katika ukanda wenye wagonjwa wengi kupita kiasi, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na aina iliyoenea hapa ni ya seli bapa. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imepokea hata wagonjwa wasiotimiza miaka 30.

Chanzo si kimoja. Pombe na tumbaku zimo, chang'aa ikiwemo. Moshi wa kuni unashukiwa. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vikasababisha ugonjwa huu. Kinacholaumiwa ni moto, wala si majani ya chai: ukiiacha ipoe kidogo, unywe tu.

Kwa mkazi wa Soweto East, sehemu ya mtaa wa Kibera jijini Nairobi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta haiko mbali. Kwa miongo kadhaa ndiyo ilikuwa hospitali pekee ya serikali yenye mashine za mionzi. Hata hivyo, muda hupotelea mtaani. Umio hutanuka, kwa hiyo ugali unapoanza kukwama, uvimbe umekwisha kuziba sehemu kubwa. Mgonjwa hushushia kwa maji, hununua dawa ya asidi dukani, huhamia kwenye uji, na mwisho hata mate hayapiti. Anayemeza kwa taabu majuma mawili mfululizo, huku anakonda, anahitaji kamera kabla ya kuongezewa dawa ya vidonda vya tumbo.

Kamera hiyo ni endoskopi. Mgonjwa hufika bila kula, koo hupuliziwa dawa ya ganzi, kisha hulala kwa ubavu wa kushoto huku ameng'ata kipete cha plastiki. Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye taa na kunyofoa vipande vidogo vya nyama vya kupelekwa maabara. Picha ya eksirei ya kumeza bariamu huonyesha palipobana, lakini jibu la uhakika hutoka kwa vipande hivyo. Skani ya CT hufuata ili kujua kama ugonjwa umesambaa.

Ugonjwa ukiwahiwa, umio hukatwa na tumbo kuvutwa juu kuziba pengo. Upasuaji huu ni mzito, na mara nyingi hutanguliwa na kemotherapi pamoja na mionzi. Walio wengi hufika wakiwa wamechelewa, na lengo linakuwa kumwezesha mgonjwa kumeza. Hapo ndipo stenti, bomba la wavu wa chuma linalojitanua lenyewe, inapokuwa na thamani kubwa. Tenwek imezitia kwa mamia ya wagonjwa, na wengi huanza kunywa na kula vyakula laini muda mfupi baadaye. Stenti haiponyi saratani, na inaweza kuzibwa na mnofu wa nyama au chapati isiyotafunwa vizuri. Mgonjwa hula matonge madogo akiwa ameketi wima, hunywa maji kati ya tonge na tonge, na hulala kichwa kikiwa juu ili asidi isipande.