Kielelezo cha jina

Umetoka kwenye vichaka vikavu vya pwani na tawi ambalo hakuna kitabu kinachoujua mmea wake. Tawi lenye majani na maua hulazwa katikati ya magazeti, hubanwa mpaka likauke, kisha hubandikwa kwenye karatasi ngumu yenye lebo: mahali, tarehe, mchumaji, kimo cha mmea. Karatasi moja ya namna hiyo ndiyo itakayolibeba jina la spishi mpya. Wanabotania huiita holotipu.

Kwa Kiswahili tuiiteje? "Aina" limeshachoka kwa kazi nyingi. "Mfano" linapotosha, kwa sababu holotipu hailazimiki kufanana na wenzake walio wengi. Huenda tawi lilikatwa kwenye kichaka kilichodumazwa na upepo wa chumvi, majani yake madogo kuliko kawaida. Bado ndilo hilo hilo. Ikigundulika baadaye kwamba kilichodhaniwa spishi moja ni mbili, jina hubaki na ile yenye holotipu, na nyingine hutafutiwa jina lake.

Nachagua "kielelezo", kwa maana yake ya mahakamani. Panga lililopokelewa na hakimu likaandikwa kielelezo namba moja haliwakilishi mapanga yote ya kijijini. Ni panga lile lile, linatunzwa, na ubishi ukizuka linatolewa litazamwe upya. Basi holotipu ni kielelezo cha jina. Matawi mengine ya mchumo ule ule, yanayopelekwa kwenye hebaria nyingine (hifadhi za mimea iliyokaushwa), nayaita vielelezo pacha.

Kwa kanuni za kimataifa, tangu 1958 jina jipya la spishi halikubaliki pasipo kielelezo kutajwa. Tangu 2012 maelezo ya mmea huandikwa kwa Kilatini au Kiingereza. Kiswahili hakimo, ila jina lenyewe laweza kutoka kwetu. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt alipokieleza kichaka cha mwambao wa Kenya na Tanzania ambacho maua yake wanawake wa Kiswahili huyatumia kwa manukato, jenasi aliiita kama walivyoiita wenyewe: Mkilua fragrans. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake "yenye kunukia".

Kilua, yaani ua la mkilua, kilichokauka kwenye karatasi rangi yake imekwenda, na harufu hakina tena. Harufu imo kwenye lebo tu, iwapo mchumaji alikumbuka kuiandika.