Andiko Moja, Ukombozi wa Namna Mbili

Neno ukombozi tunalitamka kila siku bila kulichunguza. Ukiweka saa yako rehani, siku ukipata pesa unakwenda kuikomboa. Kanisani Yesu ni Mkombozi. Redioni tulizoea kusikia vita vya ukombozi Kusini mwa Afrika. Neno moja, kazi tatu! Basi, huko Ujerumani mwaka 1525 damu ilimwagika kwa swali hilo hilo: Maandiko yanaposema mtu amekombolewa, ni roho peke yake, au roho na mwili?

Tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 1517 mtawa mmoja, Martin Luther, mwalimu wa Maandiko katika chuo cha Wittenberg, alichukizwa na biashara ya hati za rehema. Watu waliambiwa kwamba wakinunua hati hizo, adhabu ya dhambi zao, na hata ya ndugu zao marehemu, itafutwa. Luther akaandika hoja 95 kuipinga. Kwa kuisoma barua ya Paulo kwa Warumi alishika kwamba mtu huokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wokovu hauuzwi. Aprili 1521, mbele ya Kaisari Karl V mjini Worms, alikataa kuvikana vitabu vyake mpaka aonyeshwe kosa kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi.

Lakini utamwambiaje mkulima ayategemee Maandiko na Kilatini hakijui? Luther, akiwa mafichoni katika ngome ya Wartburg, akatafsiri Agano Jipya kwa majuma kama 11. Tafsiri za Kijerumani zilikuwepo kabla yake, ila yake ilisema kama watu wanavyosema sokoni. Ilitoka Septemba 1522, na Desemba ile ile ikachapwa tena. Asiyejua kusoma alisomewa na mwenzake.

Kumbe neno likishatoka halirudi! Machi 1525, mjini Memmingen, walalahoi wa kusini mwa Ujerumani wakatoa madai 12. Anayetajwa kuwa mwandishi wake ni Sebastian Lotzer, fundi wa ngozi za manyoya, wala si msomi wa chuo. Walitaka wajichagulie mchungaji, wapate kuni na samaki bila kunyanyaswa, na mjane asinyang'anywe mali mumewe akifa. Dai la tatu ndilo lililochoma: Kristo amewakomboa wote kwa damu yake, mchunga mifugo sawa na bwana mkubwa, sasa iweje mtu awe mali ya mtu? Na la mwisho linanisisimua hadi leo: dai lolote litakaloonyeshwa kuwa linapingana na Maandiko, wenyewe watalifuta. Huo ni msimamo ule ule wa Worms, safari hii mdomoni mwa wakulima.

Luther akajibu nini? Kwanza aliwalaumu mabwana kwa udhalimu wao, akawaonya na wakulima wasichanganye mambo: uhuru wa Mkristo ni wa roho, hata mtwana anaweza kuwa nao. Vurugu zilipopamba moto, Mei 1525 akaandika kijitabu kikali, akiwataka watawala wawaue waasi bila huruma. Tarehe 15 ya mwezi huo wakulima walichinjwa Frankenhausen. Baadhi ya wanahistoria hukadiria kwamba vita vile viliua watu hadi 100,000.

Nani alisoma sawasawa? Luther alikuwa na hoja. Ukiufunga wokovu na ushindi wa vita, siku ukishindwa utadhani Mungu amekutupa. Lakini jamani, wakulima nao hawakuzua kitu. Waliambiwa wakitegemee Kitabu, wakakitegemea, wakaomba waonyeshwe kosa humo humo. Luther alianza kuwajibu kwa Andiko, akamalizia kwa upanga wa wengine. Hapo mimi nasimama na fundi wa ngozi.

Nasi tunaoota kuandika tulikumbuke hilo. Ukishampa mtu maandishi na kumwambia ayaamini, hatabaki pale ulipomwacha. Atasoma na njaa yake, na minyororo yake, na mjane wa jirani yake akilini. Ukiona amefika usikotaka, mjibu kwa neno.