Katinoni

Katinoni ni kemikali ya asili ya jamii ya amfetamini, iliyomo katika majani na machipukizi ya *Catha edulis*: miraa ya Meru na muguka wa Embu. Maabara ya Umoja wa Mataifa iliitambua mwaka 1975. Huchochea neva kumwaga dopamini. Mtafunaji huchangamka, hukosa usingizi na njaa, na moyo humwenda mbio.

Haileti maruweruwe kama DOM, amfetamini ya maabarani aliyoibuni Alexander Shulgin miaka ya 1960, inayoamsha vipokezi vya serotonini.

Majani yakinyauka, katinoni hugeuka katini, iliyo dhaifu zaidi. Ndiyo maana miraa hufungwa kwa majani ya mgomba na magari yake hukimbizwa kupita kiasi. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014. Mombasa ilipozuia muguka Mei 2024, Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha amri hiyo.