Nilimuachaka kwa dada: historia ya neno moja mbele ya Leta

Kwenye mkutano wetu uliopita, papa mmoja wa Mangobo alisimama akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni. Kwa nini sanduku la chama linalipa pikipiki na mtumbwi wa mtu mwenye kumsindikiza mwenzake kwenye tribunali ya watoto, wakati watoto wetu wengine wanafukuzwa shuleni kwa kukosa minervali? "Ule mama iko na miguu yake," alisema. "Aende yeye mwenyewe. Tribunali haitamukula." Watu walicheka. Mama mwenyekiti akaniomba niandike kitu kwa jarida hili, maana wafadhili wetu nao walikuwa wameuliza swali hilohilo kwa barua, kwa adabu zaidi kidogo.

Mimi si avoka. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na jibu langu ni la historia. Linaanza mbali, wakati Boyoma yetu bado iliitwa Stanley Falls.

Mwaka 1887 Stanley alipatana na Tippu Tip kule Zanzibar, na Tippu Tip akawa gavana wa hapa kwa jina la mfalme Leopold II. Misafara ya watumwa iliondoka huku kwenda mashariki, na kati ya watumwa hao kulikuwa na watoto wengi. Ulaya ikapiga kelele, mkutano wa kupinga biashara ya watumwa ukafanyika Brussels, na tarehe 12 Julai 1890 Leopold akatoa dekreti juu ya watoto. Ilisema kwamba Leta itakuwa mlezi wa watoto waliokombolewa katika misafara, na wa wale waliokimbia utumwa. Ikaongeza watoto yatima, waliopotea na walioachwa. Mwishoni ikaongeza aina moja zaidi: watoto ambao wazazi wao hawatimizi wajibu wa kuwatunza na kuwalea.

Ukiisoma haraka, ni sheria ya huruma. Lakini rudia kusoma ile aina ya mwisho. Nani anasema kwamba mzazi hatimizi wajibu wake? Anayesema ni mkubwa wa Leta aliye porini, mwenye kalamu. Mzazi hakupewa mahali pa kujibu, wala siku ya kuitwa, wala mtu wa kumtafsiria. Watoto walipelekwa kwenye makoloni ya shule, Boma na Nouvelle-Anvers, ambako wavulana walitayarishwa kwa jeshi. Walibaki chini ya mamlaka ya Leta mpaka kumaliza miaka 25. Miaka 25! Wengi wetu katika umri huo tulikuwa tayari na watoto wawili.

Tarehe 4 Machi 1892 dekreti nyingine ikaruhusu misheni na vyama vya huruma kupewa ulezi huo. Sitaki kuwatukana mapadri na masista. Bila wao wengi tunaosoma jarida hili tusingejua a, e, i, o, u. Lakini tume ya uchunguzi ambayo Leopold mwenyewe aliiunda mwaka 1904, baada ya kelele za dunia juu ya mpira, iliandika jambo zito katika ripoti yake ya 1905. Ilisema kwamba watu wengi waliokusanywa kwenye mashamba ya misheni, hasa upande wa Kwango, hawakuwa yatima hata kidogo. Waliombwa kwa machifu, na machifu hawakuthubutu kukataa. Kwa hiyo mtoto mwenye mama, baba na wajomba aliandikwa katika karatasi ya Leta kama mtoto asiye na mtu.

Sheria hiyo haikufa pamoja na Leopold. Wakati wa Wabelgiji ilitumiwa kuwachukua watoto mahuluti, wale ambao baba alikuwa mzungu na mama Mkongomani. Leta iliwaogopa watoto hao. Iliona kwamba wakikua kati ya Wakongomani watakuja kuongoza uasi, na kwamba wakilelewa kati ya wazungu wataharibu ule mpaka wa rangi ambao ukoloni wote ulisimama juu yake. Njo maana iliamua wakae mbali na pande zote mbili.

Kati ya 1948 na 1953 wasichana watano, wote chini ya miaka 7, waliondolewa kwa mama zao na kupelekwa kwa masista wa misheni ya Katende, Kasai. Majina yao yanajulikana leo dunia nzima: Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Noëlle Verbeeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi. Kwenye karatasi baba aliandikwa "hajulikani", hata pale ambapo kijiji kizima kilimjua. Wanawake hawa wamesimulia jinsi familia zilivyotishwa: mkikataa kumtoa mtoto, wanaume wenu watachukuliwa jeshini. Hebu fikiri baraza la familia usiku ule. Wajomba wamekaa, mama amekaa, na kila mtu anajua kwamba asubuhi mtoto ataondoka. Hakuna aliyemuuza mtoto, lakini kesho yake Leta iliweza kuandika kwamba familia yenyewe ndiyo iliyomleta.

Miaka 70 baadaye, wakiwa bibi wenye wajukuu, wote watano waliishitaki Leta ya Ubelgiji. Waziri mkuu Charles Michel alikuwa tayari ameomba radhi bungeni tarehe 4 Aprili 2019, lakini radhi ni radhi, na haki ni kitu kingine. Tarehe 8 Desemba 2021 tribunali ya Brussels ikawaambia hapana: wakati ule, ilisema, jambo hilo halikuhesabiwa kuwa jinai dhidi ya binadamu. Wangeweza kurudi nyumbani. Wakakata rufaa, na tarehe 2 Desemba 2024 korti ya rufaa ya Brussels ikasema ndiyo. Walichukuliwa kwa mama zao bila ridhaa, kwa mpango uliopangwa, kwa sababu ya asili yao tu, na hiyo ni jinai dhidi ya binadamu. Kila mmoja akapewa euro 50,000.

Mimi naangalia kitu kimoja ambacho magazeti hayakukiangalia sana. Mama zao, kila mmoja alisimama peke yake mbele ya msimamizi wa koloni, na kila mmoja alishindwa. Binti walisimama watano pamoja. Walikuwa wamejuana tangu Katende, kila mmoja anakumbuka kipande ambacho mwingine amesahau, na hati za Leta yenyewe zilikuwa mikononi mwa avoka wao. Hata hivyo walianguka mara moja kwanza. Nafikiri mtu aliye peke yake, baada ya Desemba 2021, angelala asiamke.

Sasa turudi Kisangani. Sheria zetu zimebadilika sana, na lazima tuseme ukweli huo. Dekreti ya tarehe 6 Desemba 1950, iliyomwona mtoto mwenye kuzunguka barabarani kama kesi ya adhabu, imeondoka. Kodi ya familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa awe na ruhusa ya mume ili aende mbele ya jaji kwa kesi ya kiraia. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 imelifuta jambo hilo. (Wako wamama kwetu ambao bado hawajalisikia, na waume ambao hawana haraka ya kuwaambia.) Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inampa mtoto haki ya kujua majina ya baba na mama yake na ya kulindwa na familia yake. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ndiyo iliyoleta tribunali ya watoto. Inamtazama mtoto aliyekataliwa au aliyeachwa kama mtu wa kulindwa, na inamfunga kuanzia mwaka 1 mpaka miaka 3 yule anayemsingizia mtoto uchawi.

Sheria ni nzuri, lakini neno "aliyeachwa" bado limo ndani yake. Ni lazima liwemo, maana wapo watoto walioachwa kweli. Shida inakuja pale neno hilo linapokutana na sisi tuliorudi.

Tunajuana hapa. Mmoja alikimbia Vita ya Siku Sita, Juni 2000, mabomu ya Warwanda na Waganda yakipita juu ya nyumba. Mwingine alitoka Lubunga kwa ule mzozo wa ardhi wa 2023. Wengine tumetoka Uganda, na watoto waliozaliwa kambini. Katika kukimbia huko mtoto mmoja alibaki kwa shangazi, mwingine kwa jirani. Unarudi, unakuta shangazi amefariki, au mtoto amesingiziwa uchawi akatoka nyumbani, na sasa yuko kwenye kituo. Kituo hakiwezi kukupa mtoto hivihivi, na ni vizuri kisikupe. Asistanti wa Mambo ya Jamii lazima akuulize, aandike ripoti, jaji aisome. Cheti cha kuzaliwa huna: siku 90 za kumwandikisha mtoto zilipita ukiwa njiani. Inabidi kwanza utafute hukumu ya kujazia, ile tunayoiita sipletifu.

Mama mmoja wa chama chetu alifika ofisi moja ya namna hiyo, peke yake. Akaulizwa kwa Kiswahili: "Mama, mutoto ulimuacha?" Akajibu kwa ukweli wote: "Ndiyo, nilimuachaka kwa dada." Dada alikuwa hai wakati ule, chakula alipelekewa, simu zilipigwa kila Jumapili. Lakini kalamu iliandika kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa neno lililoandikwa lilikuwa lile la kutupa mtoto, si lile la kumkabidhi kwa ndugu. Katika Kiswahili chetu "kuacha" kunabeba yote mawili. Ninaacha mfuko sokoni nikiusahau, na ninaacha mtoto kwa bibi yake nikienda shamba. Mwenye kuandika hakuwa mtu mbaya, alikuwa na foleni ndefu. Mama akatia kidole chake chini ya maneno ambayo hakuweza kuyasoma, akarudi nyumbani akifurahi kwamba amesema kweli.

Tangu nisikie habari ile, siwezi kufungua somo la 1890 darasani bila kujiuliza ni watoto wangapi wa wakati ule "walioachwa" kwa namna hiyo, kwa jibu la kweli lililoandikwa vibaya.

Basi, msindikizaji anafanya nini kwa pesa ya pikipiki? Hafanyi kazi ya avoka, na hatumruhusu ajifanye avoka. Ni mtu ambaye amepita njia ileile: amefuata sipletifu, amepokea asistanti nyumbani kwake, amemrudisha wake. Siku mbili kabla, anakaa na mwenzake na kupanga karatasi: kadi ya kambi, kadi ya chanjo, barua ya mkubwa wa kata, picha ya mtoto kama ipo. Wanapanga pia miaka na miezi, maana aliyelala porini hakumbuki tarehe, na akichanganya miaka mbele ya jaji ataonekana mwongo. Anamfundisha kuomba asomewe kile kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi au kidole. Na anamwambia aseme "nilimukabizi kwa dada", asiseme "nilimuacha".

Tribunali ya watoto inakaa kwa faragha, milango imefungwa, kwa hiyo msindikizaji haingii. Anabaki nje kwenye benchi. Papa wa Mangobo ana haki ya kuuliza tunalipaje mtu wa kukaa kwenye benchi. Lakini mzazi akitoka ndani, mara nyingi kesi imesogezwa mbele, na yeye amesikia tu kwamba "hapana". Hapo ndipo wengi wanaacha kufuata. Wanarudi Lubunga na hawavuki mto tena, na tarehe inapita bila wao. Msindikizaji anauliza karani tarehe mpya, anaiandika, na jioni ileile anaeleza kwamba kusogezwa si kushindwa.

Sijibu neno juu ya minervali. Sanduku ni moja na haja ni nyingi. Mkutano utapiga kura. Wafadhili waliouliza, nao waje wakae kwenye benchi ile asubuhi moja kabla ya kuandika tena.

Mama wa "nilimuachaka" alirudi ofisini ile na mwenzake. Waliomba ripoti isomwe kwa sauti, wakaeleza, na asistanti akakubali kuandika maelezo ya pili na kuyaweka kwenye dosie pamoja na ya kwanza. Ya kwanza haikufutwa. Jaji atazisoma zote mbili. Audiensi ni mwisho wa mwezi huu, na watavuka pamoja kwa mtumbwi wa saa kumi na mbili asubuhi.