Kasese na Bwera katika Kamusi Elezo: Kitenzi Kimoja Hubadili Historia

Wikipedia ilipoanza tarehe 15 Januari 2001, wasomi wengi waliipokea kwa mashaka. Iweje ensaiklopidia inayohaririwa na yeyote iaminike? Desemba 2005 jarida la Nature lililinganisha makala 42 za sayansi za Wikipedia na zile za Encyclopaedia Britannica. Lilikuta wastani wa makosa manne hivi kwa kila makala katika Wikipedia na matatu hivi katika Britannica, nayo Britannica ikayapinga matokeo hayo. Hata hivyo, usahihi wa historia ya nchi ni jambo jingine. Huko mahali panaweza kujulikana, tarehe zikajulikana, na bado wahariri wasikubaliane. Makala haya yanauchunguza usahihi wa aina hiyo kwa mfano wa Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, na yanadai kwamba mwalimu wa Kiswahili ana sehemu kubwa katika mjadala huo.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Kila makala ina ukurasa wa majadiliano ambapo wahariri hubishana, na ina kumbukumbu ya kila badiliko lililofanywa. Kanuni zake kuu za maudhui ni tatu: mwandishi asiegemee upande, kila dai lithibitishwe kwa chanzo kilichochapishwa, na asilete utafiti wake mwenyewe ambao haujachapishwa popote. Hapana shaka kanuni hizo ni nzuri. Lakini je, pale ambapo karibu vyanzo vyote vya zamani viliandikwa na watawala, au na wageni, tufanyeje?

Kasese swali hilo lina umri mkubwa kuliko intaneti. Kwa Mkataba wa Toro wa mwaka 1900, Waingereza waliwaweka Wakonzo na Waamba chini ya mfalme wa Toro. Wakonzo waliasi kuanzia mwaka 1919, na viongozi wao, wakiwamo Nyamutswa na Tibamwenda, walinyongwa mwaka 1921. Miaka ya 1950 mwalimu wa shule ya msingi, Isaya Mukirania, aliunda chama cha kutafiti historia ya maisha ya Wakonzo. Wanachama walikusanya masimulizi, desturi na koo za watu wa milimani. Tom Stacey, mwandishi wa Kiingereza aliyesafiri na Mukirania Rwenzori mwaka 1954, alikuja kuandika juu ya watu hao. Tuzingatie jambo hili: harakati iliyokuja kuitikisa serikali ilitanguliwa na chama cha historia. Watu walitaka kwanza kuandikwa, na kuandikwa sawasawa.

Mwaka 1962 wawakilishi wa Wakonzo na Waamba walitoka katika baraza la Toro, kwa kuwa katiba mpya ya ufalme haikuwatambua kama watu walio sawa na Watoro. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Dk. Ssembeguya. Tarehe 30 Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, wanaharakati walitangaza Rwenzururu kuwa nchi yao. Mukirania alifariki mwaka 1966, akarithiwa na mwanawe Charles Mumbere, aliyekuwa bado kijana mdogo. Agosti 1982 Mumbere na wafuasi wake waliweka silaha chini. Mwaka 2009 serikali ya Uganda ikautambua ufalme huo kama taasisi ya kimila, naye akatawazwa Oktoba mwaka huo kuwa Omusinga.

Sasa mhariri akae chini aandike sentensi moja tu: Ufalme wa Rwenzururu ulianza lini? Akiandika kwamba "ulitangazwa" mwaka 1962, amesema kweli. Akiandika kwamba "ulitambuliwa" mwaka 2009, hapo pia amesema kweli. Akiandika kwamba "ulianzishwa" mwaka 2009, amefuta miaka 47 ya watu kwa kitenzi kimoja. Na akiandika kwamba "ulirejeshwa", amezua tatizo jingine. Falme za Buganda, Bunyoro, Toro na Ankole zilifutwa na katiba ya mwaka 1967, na mwaka 1993 sheria ikaruhusu watawala wa jadi kurudi. Rwenzururu haikuwamo katika orodha ya zilizofutwa, maana serikali haikuwa imeitambua. Kisheria, hakukuwa na cha kurejesha. Kwa mzee wa Bwera aliyeishi chini ya utawala wa Mukirania, kilikuwapo.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 polisi na jeshi walipambana na walinzi wa Omusinga, na ikulu yake mjini Kasese ikashambuliwa. Polisi kwanza walitaja vifo 55, wakiwamo askari polisi 14, na siku iliyofuata wakaongeza idadi. Machi 2017 shirika la Human Rights Watch lilisema kuwa waliouawa walizidi 150, wakiwamo watoto. Omusinga alishtakiwa, akaachiwa kwa dhamana mwaka 2017 bila ruhusa ya kurudi nyumbani, na mashtaka yakafutwa Juni 2023.

Hapa sarufi yetu inaingia moja kwa moja. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili huturuhusu kusema "watu waliuawa" bila kumtaja mtenda. Ni sentensi sahihi kisarufi, na mhariri anayeogopa ubishi huikimbilia. Kadhalika uteuzi wa nomino: "walinzi wa mfalme", "wanamgambo" na "waasi" wanaweza kuwa watu walewale, lakini kila neno linakuja na hukumu yake. Kutoegemea upande hakumaanishi kuchukua idadi iliyo katikati ya 55 na 150. Kunamaanisha kuandika nani alisema nini, na lini: polisi siku ya tukio, shirika la haki za binadamu baada ya miezi minne.

Tarehe nayo ina kazi yake hata pale pasipo na pande mbili. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, mpakani karibu na Bwera. Taarifa ya kwanza ya polisi ilitaja maiti 25. Kabla siku haijaisha idadi ilikuwa imepita 40, wengi wao wanafunzi. Anayenukuu taarifa ya kwanza bila kutaja saa yake ana chanzo kilichochapishwa, na bado amekosea.

Majina pia yana mgogoro. Maandishi ya kikoloni hutumia "Bakonjo", wenyewe huandika "Bakonzo", na ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, ndugu zao huitwa Wanande. Guthrie, katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu, aliipa Kikonzo namba D41 na Kinande D42. Je, ni lugha mbili au moja iliyokatwa na mpaka? Mwanaisimu ana jibu lake, mfanyabiashara avukaye kutoka Bwera kwenda Kasindi ana lake. Ensaiklopidia iyataje yote mawili.

Katika Wikipedia ya Kiswahili makala fupi isiyokamilika huitwa mbegu, na mbegu kuhusu Uganda si chache. Kuzikuza kwa kutafsiri tu kutoka Kiingereza ni kuhamisha pia vitenzi vya wengine. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, walimu wawape wanafunzi zoezi: wachukue makala moja kuhusu historia ya Uganda, wapigie mstari kila kitenzi na kila idadi, kisha waulize nani amesema na mtenda yuko wapi. Pili, wanafunzi watokao Kasese na Bwera wayarekodi masimulizi ya wazee na idara zetu ziyachapishe. Kanuni ya ensaiklopidia haikubali simulizi lililobaki kinywani, lakini lililochapishwa mhariri anaweza kulinukuu. Chama cha Mukirania kiliianza kazi hiyo wakati wazee waliokumbuka mwaka 1921 walikuwa bado hai. Walioukumbuka mwaka 1962 sasa ni wazee sana, na hawatatusubiri.