Motokari si kosa

Mjini Lubumbashi gari ni motokari, na msomaji wa Dar es Salaam huenda akadhani hiyo ni motokaa iliyopinda ulimi. Haikupinda. Maneno yote mawili ni Kiingereza kilichovaa kanzu ya Kiswahili. La ajabu ni kwamba watawala wa Katanga, jimbo la mji huo, walikuwa Wabelgiji wasemao Kifaransa, Kiingereza kilipenyaje? Tazama reli: mwaka 1910 ilifika Elisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, ikitokea Rhodesia, na kusini huko ndiko walikotoka watu na maneno mengi ya kazi.

Mtu atasema gari latosha. Latosha kupita kiasi: kuna gari la moshi, hata gari la ng'ombe. Sasa chukua Peugeot 404, iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo 1966 hadi 1968, katika vumbi na tope la Afrika Mashariki. Tangu 2003 wapenzi wa magari ya zamani wana mbio zao, Safari Classic. Kuliita gari kama hilo mkweche ni matusi. Mkweche husukumwa, hili bado linakimbia. Mimi ningeliita motokari: sikioni mwa Mtanzania lina uzee usio na dharau. Mlushois, yaani mtu wa Lubumbashi, atapinga, na kwa haki, kwamba kwake hata Toyota iliyotoka dukani jana ni motokari. Lakini neno likikopwa hubadili kazi. Neno gari lenyewe, tulilolipata kwa Wahindi, lilianza na mkokoteni.